Ng'ombe Mgeni, Kidole cha Musa na Kile Kitambaa cha Bluu

Hii kesi ilikuja kwetu ikiwa kesi ya pesa, si ya ugonjwa. Mama mmoja wa Uthiru, tumwite Mama Ciku, alinunua ng'ombe wa Frizian kwa broka Desemba 1997, akalipa nusu, ile nusu ingine wakakubaliana atamalizia Januari. Kabla Januari iishe ng'ombe wake watatu wa zamani wakaanza kutoa maziwa ya vipande vipande, na yule mpya amesimama pale kati yao anakula nepia kama hakuna kitu. Mama akasema hatoi hata ndururu, ameuziwa ugonjwa. Broka akaapa kwa mama yake mzazi kwamba ng'ombe alitoka kwake akiwa mzima. Wakapelekana kwa mzee wa mtaa, na mzee, ambaye mpaka leo namheshimu kwa hilo, akasema yeye hawezi kujua ng'ombe gani alimwambukiza nani, waende Kabete wakaulize huko.

Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa labu, upande wa bakteria, kwa maabara moja ya Kabete. Si daktari, ingawa Mama Ciku aliniita daktari kutoka siku ya kwanza na sikumkatalia haraka.

Tulienda huko na vet wetu siku ya Jumanne tukiwa na gambuti mpaka magotini. Wenye mnakumbuka mnajua, hiyo ilikuwa El Niño, mvua ilianza Oktoba na Januari bado inanyesha, barabara zimekatika, na boma za ng'ombe zimegeuka kinamasi. Kwa hivyo vet njiani alikuwa ameshaamua: matope. Na alikuwa na sababu, ju ng'ombe akilala kwa matope na mavi chuchu inachukua bakteria kama ikolai na klebsiela na zile streptokokasi za mazingira, hiyo kila mtu wa mifugo anaijua. Lakini tulipofika na kuangalia ng'ombe wenyewe, haikukaa hivyo. Mastaitisi, yaani ugonjwa wa kiwele, ikiwa ni ya ikolai mara nyingi inakuja kama ajali, ng'ombe anapata homa, maziwa yanakuwa maji maji, anagoma kula, wengine wanaanguka kabisa. Hawa walikuwa wanakula, wanacheua, hakuna homa, ni maziwa tu yenye vipande na kiwele kigumu upande mmoja. Ugonjwa wa polepole, ule wa kukaa.

Tukaomba tuangalie wakikamuliwa. Hapa ndipo sehemu ya maana sana ya hii story ilikuwa, na nakiri siku hiyo niliitazama bila kuiona.

Mkamuaji alikuwa kijana anaitwa Musa, na alikuwa anafanya kazi kwa bidii kweli kweli. Alianza na Malkia, ng'ombe mzee wa boma, ju Mama alisema Malkia ndiye mkubwa na ndiye anatoa mengi, hawezi kungoja nyuma ya watoto. Musa anachota maji ya moto kwa ndoo, anatumbukiza kitambaa cha bluu, kipande cha tisheti ya zamani, anaosha kiwele chote mpaka matope yanatoka, anakikamua kile kitambaa, anapangusa chuchu, anapaka jeli, anakamua. Alafu ndoo ile ile, kitambaa kile kile, anaenda kwa Waridi. Alafu Kadogo. Alafu Sukari, Nyota, Mrembo, na mwisho yule mpya ambaye walikuwa wanamwita tu Mgeni. Maji yalianza kama chai ya rangi, kufika kwa Mgeni yalikuwa kama uji wa wimbi. Na kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa Musa kilikuwa na ufa, umepasuka pale kwa kiungo, una usaha kidogo pembeni. Vet alipoona kidole akanigusa na kiwiko. Wote wawili tulidhani tumemaliza kazi.

Tukapima na CMT, kipimo cha mastaitisi cha pale pale bomani, ile paleti ya vikombe vinne na dawa ya rangi ya zambarau ambayo wakina Schalm na Noorlander waliitengeneza California 1957, unachanganya na maziwa unazungusha, maziwa mazima yanabaki maji, maziwa yenye seli nyingi yanavutana kama mlenda. Ng'ombe saba, chuchu 28, moja ya Mrembo ilikuwa imekufa zamani. Waridi alivuta vibaya kwa chuchu mbili, Kadogo moja, Sukari moja, Nyota moja. Mgeni alikuwa na chuchu moja ya mbele yenye kuvuta kidogo, na Mama alipoona hivyo akapiga makofi, "Si niliwaambia!" Malkia alionyesha kitu kidogo sana, ile hali unaandika alama ya "labda" na unasonga.

Nikachukua sampo za maziwa kutoka kila chuchu, nikapangusa pamba kwa kidole cha Musa, ndani ya pua yake (alicheka sana), kwa kopo la jeli, na kwa kitambaa cha bluu.

Labu ikatoa hivi. Nyota alikuwa na streptokokasi, huyo ndiye aliumwa na matope, tukamtoa kwa hesabu. Waridi zote mbili, Kadogo, Sukari na Mgeni, bakteria inaitwa stafilokokasi aureasi. Yaani koloni (vishada vya bakteria) za rangi ya dhahabu, damu kwa ajari, ile chakula kigumu cha kuoteshea bakteria, inayeyuka kuzizunguka, plasma ya sungura inaganda kwa tyubu. Malkia, hakuna kitu kilichoota. Jeli, safi, au tuseme hakuna stafilokokasi mbaya. Kidole cha Musa, aureasi. Pua ya Musa, aureasi. Kitambaa, aureasi nyingi.

Sasa hapo ndipo watu wengi wanasimama na wanaandika ripoti. Stafilokokasi aureasi, inaambukizwa wakati wa kukamua, tumia tyubu fulani ya dawa ya kuingiza kwa chuchu, ahsante. Lakini swali la mzee wa mtaa halikuwa ugonjwa unaitwaje, lilikuwa ni nani alimletea nani. Na kusema aureasi imepatikana kwa Mgeni na kwa Musa na kwa Waridi ni kama kwenda Kiambu useme mwizi wa kuku anaitwa Kamau. Sawa, lakini Kamau yupi? Watu wengi wazima kabisa wanabeba hii bakteria kwa pua maisha yao yote na hawajawahi kuona ng'ombe karibu. Jina halitoshi, unataka ukoo.

Na ukoo, zamani zile kabla watu hawajaanza kusoma DNA kila mahali, tulikuwa tunaupata kwa kutumia faji. Faji ni virusi vinavyoshambulia bakteria peke yake, havina shida na mtu wala ng'ombe. Twort aliviona London akaandika 1915, koloni zake za kokasi ziligeuka kuwa kama kioo zikafa, na d'Hérelle kule Paris akavigundua kivyake akavipa jina 1917. Kitu cha maana kwetu ni kwamba faji ni wachaguzi kupita kiasi. Faji moja itaua aureasi ya huyu na iiache ya yule kabisa, hata kama kwa darubini na kwa vipimo vyote vya kawaida hizo mbili ni pacha. Mara ingine ni ju mlango wa kuingilia uko tofauti, mara ingine bakteria ana mikasi yake ya ndani ya kukata DNA ya mgeni, na mara nyingi ni ju tayari amebeba faji nyingine imelala ndani yake, na hiyo iliyolala inamfungia mlango ndugu yake. Kwa hivyo ukichukua faji nyingi tofauti ukazijaribu moja moja kwa bakteria mmoja, unapata orodha ya zilizomuua na zilizoshindwa, na hiyo orodha ndiyo ukoo wake. Fisk alifanya hivyo na stafilokokasi tangu 1942, na baadaye kukawa na seti ya kimataifa ya faji zenye namba, makao yake Colindale huko London, kila mtu duniani akitumia namba zile zile.

Seti ya kawaida ilikuwa faji 23, zilizopangwa kwa makundi kufuata bakteria za binadamu. Kwa ng'ombe unaongeza 42D, ambayo ilitolewa kwa seti ya binadamu ju huko haikuwa na kazi sana, lakini aureasi za maziwa inazipenda. Jumla 24. Mimi nilikuwa nachora na kalamu chini ya sahani ya ajari miraba 25, tano kwa tano, na mraba wa mwisho naweka tone la supu tupu ya kuoteshea bakteria, lisilo na faji, nikiona doa hapo najua nimeharibu mahali fulani.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Unaotesha bakteria kwa supu, unamwaga juu ya ajari iliyoongezwa kalisiamu (faji nyingi haziwezi kushika bila hiyo), unanyonya ya ziada, unaacha ikauke. Alafu unadondosha faji kwa kila mraba, tone dogo kabisa, mkono usitetemeke. Nguvu ya faji pia imepimwa mapema, si kumwaga tu, ju ukiweka nyingi kila kitu kinakufa na hujajifunza chochote. Kuna kiwango tulikiita RTD, ni pale faji inakaribia kuyeyusha eneo lote la tone kwa bakteria wake wa nyumbani lakini bado haijamaliza. Ikishindwa hapo unarudia na nguvu mara 100. Sahani zinalala kwa inkubeta nyuzi 30, asubuhi unaziinua mbele ya taa. Bakteria imeota kama zulia la rangi ya maziwa, na mahali faji imeshinda kuna matobo, safi, unaona taa upande wa pili. Matobo zaidi ya 50 ni pigo kubwa, 20 mpaka 50 ni pigo la wastani, chini ya hapo ni dogo.

Nilipanga sahani 10: tano za ng'ombe, kidole, pua, na koloni tatu tofauti kutoka kwa kitambaa. Hizo tatu nilichukua kwa bahati tu, nilikuwa na sahani zimebaki, na zikaja kuwa muhimu.

Kuna asubuhi chache kazini unazikumbuka. Niliinua ya Waridi ya kwanza: faji zilizopiga ni namba 29, 52 na 42D, matobo makubwa. Waridi ya pili, hivyo hivyo. Kadogo, hivyo hivyo. Sukari, 29 na 52 ziko wazi lakini 42D ilikuwa na matobo 11, nikahesabu mara mbili. Mtu wa haraka angesema Sukari ni wa ukoo mwingine, lakini kanuni tuliyofundishwa ilikuwa kwamba tofauti moja haivunji undugu, unahitaji tofauti mbili kubwa au zaidi ndio useme hawa si wamoja. Faji ni kitu hai, siku ingine kanachoka. Nikarudia Sukari baada ya siku mbili na 42D ikapiga vizuri.

Kidole cha Musa: 3A, 3C, 55, 71. Hakuna hata moja inayogusana na ya ng'ombe. Na pua yake, hizo hizo nne. Hilo ni kundi la pili, linajulikana sana kwa vidonda vya ngozi vya binadamu, hasa 71. Yaani Musa alikuwa amejiambukiza kidole kutoka kwa pua yake mwenyewe, na ng'ombe hawakuwa kwa hiyo hadithi.

Mgeni sasa. Kwa RTD, zulia zima, hakuna tobo hata moja. Jasho. Ju kuna asilimia fulani ya aureasi ambazo hakuna faji ya seti inayozigusa, na ukipata hivyo huna la kusema. Nikarudia na nguvu mara 100, na zile zingine zote pia kwa nguvu hiyo hiyo ndio ulinganisho uwe wa haki, na Mgeni akatoa 53 na 77. Ukoo mwingine kabisa. Alikuja na stafilokokasi yake kutoka alikotoka, ndiyo, hakuwa malaika, lakini si ile iliyokuwa inatembea kwa wenzake.

Kitambaa: koloni mbili za 29/52/42D, na moja ya 3A/3C/55/71. Kitambaa kilikuwa kimekusanya kila mtu.

Nilipompelekea vet karatasi alisoma akanyamaza, alafu akauliza, "Kwa hivyo imetoka wapi?" Na hilo ndilo swali. Niseme tu venye mimi naelewa hiki kipimo, na kuna watu tulibishana nao miaka mingi kuhusu hili. Faji ni wakili mzuri wa kutetea kuliko wa kushtaki. Ukoo ukiwa tofauti waziwazi, mtu ametoka kwa kesi, umemaliza. Ukoo ukiwa sawa, umejua tu kwamba inawezekana, ju huo ukoo unaweza kuwa umejaa kwa mashamba yote ya Uthiru. Mgeni na Musa walitoka kwa kesi siku hiyo. Lakini hatukuwa na mshtakiwa. Kitambaa ni gari tu, mwenye mzigo alikuwa nani?

Tukakaa na daftari la Mama Ciku. Waridi aliugua kwanza, akafuata Kadogo, akafuata Sukari. Vet akasoma hayo majina matatu kwa sauti mara mbili, na mimi nikaona Musa na ndoo yake kichwani: Waridi, Kadogo, Sukari. Huo ni mpangilio wa kukamua. Na kabla ya Waridi kuna mmoja tu.

Malkia alikuwa na sampo safi, lakini aureasi ina tabia mbaya, inajichimbia ndani ya kiwele, inajijengea vijipu vidogo, inatoka kwa maziwa leo, kesho haitoki. Sampo moja tupu haimaanishi kitu. Tukarudi, na safari hii vet hakuanza na paleti, alikamua Malkia mpaka kiwele kikaisha kabisa alafu akaingiza mikono yote miwili akakanda robo ya nyuma kulia polepole, akaniita nishike pia. Ndani kulikuwa na kitu kama kokwa la embe. Mama Ciku ndio akakumbuka, "Aaah, hiyo ni ya ule mwaka alizaa pacha, alipigwa tyubu akapona." Alipona machoni. Nilichukua sampo tatu kwa siku tofauti, ya kwanza tupu, ya pili na ya tatu zikaota. 29/52/42D.

Swali lililobaki ni kwa nini sasa, kama Malkia alikuwa na mzigo miaka yote hiyo. Musa ndiye alitujibu bila kujua. Kabla ya mvua kubwa hakuwa anaosha viwele na kitambaa, ng'ombe walikuwa wakavu, anapangusa na mkono tu na kukamua. Matope yalipokuja Mama akamwambia aoshe kila ng'ombe vizuri na maji ya moto, na akaosha, na ndivyo alivyochukua bakteria ya Malkia kila asubuhi na kila jioni akampelekea Waridi kwa chuchu zilizoloa. Kwa hivyo vet alikuwa sawa kwamba ni matope, ila si kwa njia aliyofikiria. Alipenda sana kurudia hilo baadaye.

Matibabu nitapita haraka. Kila ng'ombe akapata kitambaa chake, vinachemshwa jioni vinaanikwa, chuchu zinachovywa kwa ayodini baada ya kukamua, Musa akafunga kidole na akapewa glavu. Kadogo na Sukari walipata tyubu wakapona, ingawa Mama aliumia kumwaga maziwa ya siku za dawa ju ana wateja wa vibanda vya chai waliokuwa wanamngoja alfajiri. Waridi alipona wiki tatu chuchu moja ikarudi. Hapo tena faji zikafanya kazi: 29/52/42D. Vet alitaka kujua kama ni maambukizi mapya, labda ya Mgeni, ama ni ile ya zamani haikufa. Ilikuwa ya zamani, au angalau haikuwa ya Mgeni, na kipimo cha dawa kilionyesha inatengeneza kimeng'enya cha kukatakata penisilini, kwa hivyo tyubu ya kwanza ilikuwa kama maji. Hiyo chuchu ilikaushwa. Mgeni alitibiwa hiyo yake moja ikaisha.

Leo kesi kama hii hungeona faji. Mtu angetoa DNA, angesoma jeni moja inaitwa spa au angesoma jenomu, yaani DNA yote, na angeweza kusema hata undugu wa mbali, jambo ambalo sisi hatungeweza. Hata zile aureasi za ng'ombe zina koo zao zinajulikana kwa njia hiyo, CC97 na CC151 ni kati ya zile zinatajwa sana. Na kutunza faji ilikuwa shida, kila moja na bakteria wake wa nyumbani, kila miezi unazikuza upya na kuzipima nguvu upya, fridji ikizima wikendi unaanza kulia Jumatatu. Sitasema nazikosa. Lakini kuinua sahani na kuona kwa macho yako mwenyewe kwamba huyu si yule, bila mashine kukuambia, hiyo naikosa kidogo.

Mama Ciku alimlipa broka nusu iliyobaki mbele ya mzee wa mtaa, bila kusema pole, na broka naye akaomba chai. Kilichokuwa kigumu ilikuwa Malkia. Vet alimwambia waziwazi ng'ombe huyo hataisha huo ugonjwa, auzwe. Akakataa katakata. Wakapatana angalau akamuliwe wa mwisho, baada ya hata Mgeni. Niliporudi mwezi wa nne kuchukua sampo, nilimkuta Malkia amefungwa pembeni peke yake analia kwa nguvu kila Musa akipita na ndoo, na Mama amesimama mlangoni ananiangalia vibaya, akasema, "Unaona venye umefanya, daktari?"